Madai ya Posho ya Kusubiri Katiba Mpya

Katibu Mkuu,
Wizara ya Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: MADAI YA POSHO YA KUSUBIRI KATIBA MPYA

Ndugu Katibu Mkuu, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwananchi wa kawaida. Cheo hiki sikukiomba. Nimepewa na viongozi wa vyama vyote, kila mmoja anapopanda jukwaani na kutangaza kwamba anamtetea mwananchi wa kawaida. Kwa kuwa natetewa kwa nguvu kiasi hicho na bado mikono ni mitupu, nimeona niandike mwenyewe. Nakuandikia wewe kwa sababu wizara yako ndiyo pekee yenye Katiba kwenye kibao cha mlangoni.

Dai langu ni hili. Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma Februari 2014, wajumbe wake zaidi ya 600 walipangiwa Sh300,000 kwa siku. Kabla hawajagusa ibara hata moja ya Rasimu, baadhi yao walisimama wakasema fedha hizo hazitoshi, Dodoma maisha yamepanda. Ikaundwa kamati ya kulitazama jambo hilo, ndani yake wakiwamo watu wa CCM na wa upinzani, wakakaa meza moja bila kutupiana maneno. Nalitaja kwa heshima zote, maana meza ya namna hiyo haikuonekana tena hadi Bunge lile linavunjwa.

Sasa, kama kukaa ukumbini kujadili Katiba kulistahili malipo, kukaa nje ya ukumbi kuisubiri nako kulipwe. Nimo kikaoni tangu Oktoba 2, 2014, siku Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa. Kura ya Maoni ndiyo iliyoahirishwa, kusubiri hakujaahirishwa.

Najua wahasibu wako watataka maelezo ya ziada, kwa hiyo nianze mbali kidogo.

Katiba tuliyonayo ni ya 1977. Februari 5 mwaka huo TANU na ASP ziliungana, ikazaliwa CCM. Watu 20 walioshughulikia muungano huo wa vyama, chini ya Sheikh Thabit Kombo, wakakabidhiwa pia kazi ya kupendekeza Katiba ya nchi, na Aprili 25 ikawa imekwisha kupitishwa. Yaani kamati ya harusi ilimaliza pilau, ikaombwa ibaki kidogo iandike na taratibu za ukoo mzima. Sisemi walifanya vibaya. Nasema tu mtu asishangae leo akimkuta bwana harusi bado anakalia kiti cha mbele.

Tangu hapo Serikali imejijengea utaratibu wake: watu wakianza kunung'unika, anatumwa jaji. Mwaka 1991 alitumwa Jaji Francis Nyalali. Akarudi na habari kwamba waliotaka chama kimoja kiendelee ni kama asilimia 80, waliotaka vyama vingi kama 20, kisha akashauri vyama vingi viruhusiwe. Serikali ikakubali, ikaona wachache wana hoja. Akashauri pia muundo wa serikali tatu, na akaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Hapo hoja ikaonekana haina haraka. Mwaka 1998 akatumwa Jaji Robert Kisanga, naye akarudi na serikali tatu. Rais Mkapa hakuficha hasira zake. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu mstaafu, mtu aliyelelewa na chama chenyewe, akiwa na kina Salim Ahmed Salim na Joseph Butiku. Nao wakarudi na serikali tatu. Marais watatu wametuma majaji watatu, na wote wameleta jibu lilelile. Ningekuwa Serikali ningeacha kutuma majaji, nikatuma mabwana shamba, huenda jibu likabadilika.

Tuelewane hapa. Mimi si muumini wa serikali tatu. Hizi mbili tu nazilipia hadi kwenye vocha ya simu, ya tatu sijui ningeilipia na nini. Lakini kukataa ushauri ni jambo moja, na kumlipa mtu akupe ushauri uleule mara tatu ili uukatae mara tatu ni jambo jingine, tena lina gharama.

Machi 18, 2014 Jaji Warioba aliwasilisha Rasimu ya Pili. Siku tatu baadaye akaingia Rais Kikwete, yule yule aliyeanzisha mchakato kwa hiari yake mwenyewe, akapiga hesabu. Watu waliotoa maoni kwa Tume ya Warioba ni 351,664. Waliogusia muundo wa Muungano ni 47,820 tu. Kwa hiyo waliobaki, zaidi ya laki tatu, hawaoni tatizo.

Ndugu Katibu Mkuu, hesabu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kumbe mtu akienda mbele ya Tume akalalamikia maji, amesharidhika na Muungano. Aliyelalamikia bei ya mbolea, ameridhika. Aliyesimama kuzungumzia talaka za wajomba zake, mwenyekiti akamwomba akae, naye ameridhika. Na mimi niliyekaa kimya miaka yote hii, bila shaka mafaili yenu yanaonyesha kuwa ndiye niliyeridhika kuliko wote. Barua hii naomba ipigwe mhuri na kuwekwa kumbukumbu kama taarifa rasmi ya kutoridhika, isije siku moja ikasomwa takwimu nami nimo.

Mnaosoma hii kutoka upande wa upinzani msianze kupiga makofi, nakuja kwenu. Aprili 16, 2014 Profesa Ibrahim Lipumba alisimama, akasema yake, na UKAWA wakatoka ukumbini. Umoja wa Katiba ya Wananchi: jina zuri, lina Katiba na lina wananchi. Mwaka uliofuata ukawa umoja wa uchaguzi. Julai 2015 Chadema ikampokea Edward Lowassa, ambaye wakati kina Lipumba wanatoka ukumbini yeye alikuwa CCM, na UKAWA ikampa bendera ya kugombea urais. Dk. Willibrod Slaa akasusa. Lipumba naye akaachia uenyekiti wa CUF, halafu akaurudia, CUF ikapasuka, Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo mwaka 2019, na mwaka huohuo Lowassa akarudi nyumbani CCM. Katika msongamano ule wa watu wanaoingia na wanaotoka, sikusikia hata mmoja akiuliza ile Katiba ya Wananchi aliishika nani mara ya mwisho.

Waliobaki Dodoma, kwa upande wao, walipata utulivu wa kufanya kazi. Rasimu ya Warioba ilikuwa imetaka mbunge asizidi vipindi vitatu, wapiga kura waweze kumwondoa kabla ya muda akiwaangusha, na waziri asiwe mbunge. Sehemu kubwa ya wajumbe walikuwa wabunge. Ibara hizo nazo zikatoka ukumbini, zikawafuata UKAWA. Uwazi, uadilifu na uwajibikaji, ambavyo Tume iliviweka kwenye orodha ya tunu za taifa, vikatolewa kwenye orodha hiyo. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, akazipigia baadhi ya ibara kura ya hapana, na siku chache baadaye hakuwa Mwanasheria Mkuu tena. Oktoba 8 nakala ikakabidhiwa kwa Rais Kikwete na Rais Shein, watu wakacheza. Novemba 2 Jaji Warioba akaenda Ubungo Plaza kwenye mdahalo wa Katiba, akapigwa. Mzee wa watu, aliyekuwa Waziri Mkuu, akafanyiwa fujo kwa kosa la kueleza alichotumwa kukitafuta.

Kura ya Maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Aprili 2 Tume ya Uchaguzi ikasema haitawezekana, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR haujakamilika. Tukaambiwa tusubiri. Hiyo ndiyo tarehe ambayo, kwa busara zako, unaweza kuanza kunilipa kwa kiwango cha juu zaidi.

Maana tangu hapo kusubiri kumekuwa kazi ya kudumu, isiyo na likizo. Rais Magufuli alisema wazi kwamba Katiba mpya hakuiahidi jukwaani wala si kipaumbele chake. Ningalimshukuru kwa ukweli huo kama asingeniachia hapohapo kwenye foleni. Mwaka 2017 Profesa Palamagamba Kabudi, mmoja wa waliokaa na Warioba kuandika Rasimu, aliletwa kwenye wizara yako awe waziri. Nilifurahi kama mtu aliyeona jamaa yake amepewa dirisha la malipo. Dirisha lilifunguliwa, jamaa alinitazama, akasema nisubiri. Humphrey Polepole, naye wa Tume hiyohiyo ya Warioba, aliyezunguka kuitetea Rasimu kwa ufasaha, alikuwa tayari ni mwenezi wa CCM. Machi 2021 aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum akawa Rais wa Jamhuri. Juni akatuomba tumpe muda, auweke sawa uchumi kwanza. Julai Freeman Mbowe akaenda Mwanza kwenye kongamano la Katiba, akakamatwa, akashtakiwa kwa ugaidi, akatoka Machi 2022 baada ya kesi kufutwa. Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kikakaa, kikaandika, nacho kikasema mchakato ufufuliwe.

Ndipo Agosti 2023 wizara yako ikaja na jambo ambalo sitalisahau: kwanza itolewe elimu ya Katiba kwa miaka mitatu. Elimu ya Katiba iliyopo. Nimejaribu kulielewa kwa moyo mweupe. Watu 351,664 walisimama vijijini na mijini, wakaeleza wanavyotaka nchi yao iendeshwe, hawakuombwa cheti. Majaji watatu na maprofesa wasiohesabika wametumika. Baada ya yote hayo, aliyegundulika kuwa hajasoma ni mimi. Na tukiacha utani, kama raia hawaijui Katiba waliyoishi nayo tangu 1977, mwalimu ambaye amekuwa darasani muda wote huo ni chama gani?

Ngoja niweke kejeli pembeni kidogo. Oktoba 29, 2025 tulikwenda kwenye uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mshindi alitangaziwa asilimia 97.66. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu waliuawa. Idadi yao ikageuka kuwa ubishi. Wenye misiba hawana ubishi, wanajua ni nani hakurudi nyumbani. Ninachotaka wizara yako ikiangalie ni hiki: Katiba ya 1977 haimruhusu mtu kugombea bila chama, na hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kujadiliwa na kuandikwa Dodoma mwaka 2014. Hata ile Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na waliobaki, ile niliyoisengenya hapo juu, ilimruhusu mgombea binafsi na ilifungua mlango wa kwenda mahakamani. Kwa hiyo si kwamba hatukujua. Majibu yalikuwapo, yamechapwa, yana namba za ibara.

Kwenye kampeni za uchaguzi huohuo CCM iliahidi kuanza mchakato ndani ya siku 100. Nimelipokea kwa moyo wa shukrani, ila kwa uzoefu wangu neno "kuanza" ndilo tunalofanya vizuri kuliko mataifa mengi.

Turudi kwenye malipo. Sitaki fedha taslimu, nisije nikaitwa Takukuru. Kwa kawaida Serikali ndiyo hunipa mimi kontrol namba ili nilipe. Safari hii naomba iwe kinyume, na mfumo ukigoma nitaelewa, nimezoea. Mkilipa kwa simu, tozo ya muamala ibebwe na mlipaji. Nitatoa risiti. Mkiona kiwango cha Sh300,000 kwa siku ni kikubwa kwa mtu asiye mheshimiwa, niko tayari kujadiliana, mradi kamati ya majadiliano isiongozwe na jaji, na iwe na watu wa vyama vyote, kwa sababu kwenye posho nimeona huwa wanaelewana.

Na kama fungu halipo, kuna njia mbadala isiyohitaji bajeti mpya. Itoeni Rasimu ya Pili ya Jaji Warioba mlikoiweka, muiweke kando ya Katiba Inayopendekezwa, mtupe zote mbili zikiwa na tarehe ya Kura ya Maoni iliyotiwa sahihi. Siku hiyo nitaandika barua nyingine, fupi kuliko hii, ya kufuta madai yangu yote, pamoja na riba.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Kawaida.

Nakala: Makao makuu ya vyama vyote vya siasa vyenye usajili wa kudumu, kwa taarifa tu, na si kwa ajili ya kuundia kamati.