Kuisubiri Treni Mtwara

Kujiandaa kwa mtihani wa alama za barabarani huanza na maumbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la buluu huamuru. Alama mbili zina maumbo ya pekee: ya kupisha, ambayo ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, na ya kusimama, yenye pembe 8. Hizo hutambulika hata kwa nyuma, jambo linalomfaa sana dereva aliyekwisha kuzipita.

Hatua ya pili ni kukariri. Karatasi ya alama hubandikwa ukutani, na kila apitaye nyumbani hugeuka mtahini. Siku ya tatu mtoto wa chekechea anazijua zote. Mwenye mtihani bado anabahatisha. Mgumu zaidi kufundishika ni bodaboda mzoefu, anayeijua njia kwa mashimo na miembe yake. Akioneshwa alama ya kona kali hujibu, "Hii ya Mikindani." Mtahini anataka maana ya alama, si mahali ilipo.

Mzunguko nao una mtego wake. Wengi huuita kipilefti, jina lililotokana na amri ya kupita kushoto, kwa hiyo hudhani wakishataja jina wamemaliza sheria. Bado kuna kumpisha aliyekwisha kuingia. Hiyo ndiyo sheria. Mazoea humpisha mwenye lori la korosho.

Mwisho hubaki alama zisizo na mwenyewe mjini, na kubwa kati yake ni ya njia panda ya reli. Mtwara iliwahi kuwa na reli ya kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulianza 1947 ukaachwa 1951. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtahiniwa wa Ufukoni, mjini humo, hujifunza kusubiri treni iliyopita kabla baba yake hajazaliwa.

Ndiyo maana kila alama hukaririwa kwa mambo matatu: umbo, maana, na anachopaswa kufanya dereva. Akiulizwa atafanya nini akiikuta alama ya reli mjini Mtwara, jibu la kweli ni "nitashangaa". Linalopata maksi ni kupunguza mwendo, kutazama kushoto na kulia, na kuvuka njia ikiwa salama.