Besi, Betri na Maharusi

Wapiga besi tuna msemo wa kujifariji: hakuna anayetusikia mpaka tunyamaze. Labda ndiyo maana mpiga solo akiwa kwenye kioo anajaribu shati, sisi tumekaa kwenye maboksi ya spika tunabishana kuhusu pikapu, zile sumaku za kwenye gitaa zinazonasa mtikisiko wa nyuzi.

Mtengeneza magitaa Leo Fender, wa Marekani, hakutaka makuu. Besi yake ya Precision ya mwaka 1951 ilikuwa na pikapu moja, volyumu moja na toni moja. Mwaka 1957 pikapu hiyo ikagawanywa vipande viwili, kila kipande kikisikiliza nyuzi mbili, na mngurumo wa umeme unaonaswa na kipande kimoja ukawa unafutwa na mwenzake. James Jamerson wa lebo ya Motown, kule Detroit, alipiga besi ya namna hiyo na dunia ikacheza. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yake, pikapu mbili: ya upande wa shingo ina sauti nene, ya upande wa daraja ina sauti kali, na kila moja ina volyumu yake. Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Mazoezini nachanganya robo ya hii na robo tatu ya ile, nainamisha kichwa, narudia, mpaka kapteni anaanzisha wimbo bila mimi. Na kuna mtego: zikiwa wazi zote mbili sawasawa, pikapu hizi zinafutiana mngurumo, ukifunga moja, mngurumo unarudi. Kumbi zetu, na taa zao za mapambo na jenereta nyuma ya jiko, zina mngurumo wa kutosha kila meza. Kwa hiyo ladha zote nilizolipia zipo, ila inayopigika kwa amani ni moja.

Toni nayo haiongezi kitu. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayozichota sauti kali na kuzipeleka ardhini. Inafanya kazi kama mweka hazina wa kamati ya harusi: michango inaingia kamili, ukumbini kinafika kilichobaki.

Ndiyo maana nilishangilia besi za betri, za ukoo wa StingRay ya Music Man ya mwaka 1976. Saketi yake hula betri ya volti 9 na inaongeza sauti kwelikweli, nene na kali. Swichi yake imo ndani ya tundu la waya: ukichomeka tu, betri inaanza kuliwa, hata gitaa likiwa limelala kwenye stendi.

Nikaenda na mojawapo kwenye harusi. Kadi ilisema saa 12 jioni. Tulichomeka saa 10 kupima sauti. Maharusi walikuwa ufukweni wakipiga picha, wakaingia saa 3 usiku. Betri yangu, niliyouziwa na machinga aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya, ilikoroma kidogo na kukata roho keki ikiwa inakatwa.

“Kaka, cheki waya!” fundi mitambo alipaza sauti. Kabla sijainama, mpiga kinanda akateremsha mkono wa kushoto na kuibeba besi yote. Watu waliendelea kucheza. Nami nikaendelea kukuna nyuzi na kutikisa kichwa, kwa sababu mkataba ulisema bendi ya watu sita.

Tulipokuwa tunakunja waya, mzee mmoja mwenye suti ya kijivu akanijia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kijana, umepiga besi! Hasa kuanzia pale kwenye keki. Nzito, haina makelele. Umeiwekaje?”

Nikamwambia nimepunguza toni kidogo. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akanituza elfu kumi, na mpiga kinanda hadi leo anaidai.