Pampu Haina Kosa

Pampu ya tangi la majitaka katika boti ina kazi moja tu: kuvuta kilichojaa tangini, kukisaga kwa visu vidogo vilivyo mbele ya mota, na kukisukuma nje. Ikifanya kazi hiyo hakuna anayeitaja. Ikigoma, boti nzima hupata habari kabla ya nahodha, na aghalabu hugoma siku ambayo wageni wamejaa na upepo umelala.

Majahazi yaliyoshuka Mombasa na kaskazi hayakuijua taabu hii. Choo kilikuwa kisanduku cha mbao kilichotokeza nje ya tezi, wazi kwa chini, na kitu kama hicho hakina fyuzi ya kuungua. Mambo yaliharibika pale choo kilipoingizwa ndani na tangi likalazwa chini ya sakafu. Tangi lenyewe lina sababu zake. Kiambatisho cha 4 cha mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinazikataza meli kubwa za safari za kimataifa kumwaga majitaka mabichi kabla ya kuwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, tena ziwe zinakwenda, kwa mwendo usiopungua maili 4 za baharini kwa saa. Boti ndogo ya kuwapeleka watu kuvua haimo humo, lakini hakuna nahodha mwenye haya atakayelifungulia tangi lake katika mlango wa Kilindini, mbele ya feri iliyojaa majirani wa Likoni wanaomjua yeye na mamake.

Basi tangi hujaa, na fundi huitwa. Fundi wa Bofu, tuseme wa huku Ras Bofu lilikotua daraja la kuelea la Liwatoni lililoanza kutumika mwaka 2021, mara nyingi hakusomea pampu za boti. Amekulia kwenye pampu za visima na nyaya za matatu. Hilo si upungufu. Mota ya volti 12 ni ileile, iwe inazungusha waipa au inasaga kitu ambacho hakuna anayetaka kukiona. Kinachomtenga fundi mzuri na mbaya ni mahali anapoanzia. Mbaya hukimbilia bomba. Mzuri huanzia kwenye waya, kwa kuwa waya ukichomolewa haumwagi kitu.

Swichi hubonyezwa, watu wakanyamaza, na sikio likategwa. Pampu ikiwa kimya kabisa, shida ni umeme. Fyuzi hutazamwa kwanza, na si ajabu kukuta imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kazi ya baharia aliyetaka kufika nyumbani mapema. Fyuzi ikiwa nzima, mita hushikishwa kwenye nyaya za pampu yenyewe, si kwenye betri. Betri iliyoshiba husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Kama pale kwenye pampu usomaji huporomoka mara tu swichi inapobonyezwa, basi kuna kiungo kilicholiwa na chumvi. Shaba iliyoota ukungu wa kijani hukwanguliwa, hukazwa, na kesi nyingi za pampu huishia hapo bila mtu kuvaa glavu.

Pampu ikinguruma bila kuzunguka, imekabwa. Umeme huzimwa, mtu wa pili akakagua kwamba kweli umezimwa, kisha mota huzungushwa kwa bisibisi kutoka nyuma mpaka ilegee. Isipolegea, hufunguliwa, na hapo ndipo siri za abiria hutoka nje: vitambaa vya kupangusia watoto, nywele, uzi wa leso. Katika vyoo vya boti kote duniani hubandikwa onyo kwamba kisitumbukizwe kitu ambacho hakijapita tumboni. Kwa Mombasa onyo hilo lina mwanya, nao ni mabuyu. Kokwa ya mabuyu hutoka kwenye visu vya pampu ikiwa ngumu vilevile, rangi nyekundu bado imeishika pembeni.

“Nahodha, nani kala mabuyu humu?”

“Mimi sijui, ami.” Na ulimi wake mwekundu kuliko wa watoto.

Hali ya tatu ndiyo inayokula muda: pampu inazunguka vizuri, sauti tamu, lakini hakitoki kitu. Huenda mapezi ya mpira yaliyo ndani yameungua. Pampu hizi hupozwa na kulainishwa na kile kinachopita ndani yake, kwa hiyo anayeiacha izunguke kavu wakati anasimulia habari za mpira huua mapezi kabla hajafika kipindi cha pili. Huenda klipu imelegea na pampu inavuta hewa. Au valvu ya mpira, ile yenye midomo miwili inayopaswa kufumbana ili mzigo usirudi, imeshindwa kufumba. Ikitolewa huonekana imegandamana na tabaka jeupe, gumu kama ukoko wa wali. Hilo ni zao la mkojo kukutana na maji ya bahari: madini ya kalisi na magnesi hujitenga na kushikamana na mpira na kuta za bomba, mpaka bomba pana likabaki na tundu la kupitisha kidole. Dawa yake ni siki. Valvu hulowekwa usiku kucha, na kwa kuwa siki ya boti hukaa jikoni kwa ajili ya kachumbari, mpishi lazima ahusishwe kwa upole.

Lakini mhalifu anayesahaulika kuliko wote ni bomba la kupumulia. Tangi haliwezi kutoa kitu bila kuingiza hewa. Bomba jembamba hutoka juu ya tangi hadi ubavuni mwa boti, na tundu lake huzibwa na chumvi, au na nyigu wa udongo aliyeona boti imetia nanga wiki mbili akaamua kujenga. Likiziba, pampu huvuta mpaka kuta za tangi zikaingia ndani, kisha hushindwa. Fundi anayedai pampu mpya kabla ya kulitazama tundu hilo ana pampu ya kuuza.

Balaa kubwa huja upande wa pili. Tundu likiwa limeziba na abiria wakaendelea kusukuma maji chooni, shinikizo hupanda tangini. Wa kwanza kulegeza kifuniko cha sitahani hupokea salamu ya kila aliyesafiri siku hiyo. Kifuniko hicho hufunguliwa nusu mzunguko tu, kwa kitambaa, uso ukiwa umegeuzwa, na waliovaa kanzu wakiwa wamesogea upande upepo unakotoka.

Harufu ya yai viza inayotoka si ya kufanyiwa mzaha. Ni haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kwenye ngama ya boti. Ikizidi hulemaza pua, mtu akadhani imekwisha kumbe imeongezeka, na inaua. Milango yote hufunguliwa kabla ya mtu kushuka, na hakuna anayeshuka peke yake.

Kazi ikimalizika, ndoo kadhaa za maji safi humwagwa chooni, pampu ikawashwa, na kuzimwa mara sauti inapobadilika. Malipo ya fundi hupatanwa kabla ya kifuniko kufunguliwa. Baada ya hapo bei huwa nyingine.