Pimbi Wawili wa Kiwiliwili

Katika nchi ya Kiwiliwili palikuwa na majabali mawili yaliyochuja maji ya mito yote, na juu ya kila jabali aliishi pimbi. Pimbi hao walikuwa ndugu, wadogo wa umbo, na wanyama wengi walizeeka bila kujua kwamba wapo.

Ndani kabisa ya nyumba zao alikaa mpiga baragumu. Chui akitokea, baragumu lililia papo hapo: ngoma ya Moyoni ikaenda mbio, maghala ya sukari yakafunguliwa, walinzi wakakodoa macho. Baada ya dakika chache, kimya. Baragumu hilo ndilo adrenalini, na sifa zake zimeimbwa sana. Lakini nchi iliishi kwa kazi ya vyumba vya nje, iliyofanywa bila kelele.

Chumba kimoja kiligawa chumvi. Kilisikiliza majabali yenyewe, kisha kikayaagiza yabakize chumvi na kumwaga potasiamu ili mito isikauke. Kingine kilihusika na mambo ya balehe, hicho nakipita. Cha katikati kilisaga unga uitwao kotisoli, na huo ndio ulioleta kisa hiki.

Unga huo ulitoka kwa wingi alfajiri, ukapungua kadiri usiku ulivyoingia. Uliwaamsha wanyama, ukalinda sukari wakati wa njaa, ukawatuliza siafu, askari wa nchi, wasije wakawang'ata raia. Kipimo chake kilitoka mbuyuni. Mzee Bundi alimnong'oneza Chiriku, Chiriku akatuma njiwa, njiwa wakatua jabalini, pimbi wakasaga. Harufu ya unga ikimfikia Bundi, alinyamaza. Ikififia, alinena tena.

Mwaka mmoja siafu walizusha ugomvi kwenye Daraja la Goti. Kukawa na joto, uvimbe na vilio. Ndipo Sungura mchuuzi akaja na gunia.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba," akaitika Jumbe Kongoni.

"Unga wangu una nguvu kuliko wa pimbi wako. Kijiko kimoja tu, siafu watalala leo leo."

"Na mganga amesemaje?"

"Mganga wa nini, Jumbe? Mimi nauza, wewe unanunua."

Siafu walilala kweli. Na unga ule haukuwa sumu: chini ya uangalizi wa mganga umeokoa wenye pumu kali na wagonjwa wengine wengi. Ila Jumbe alinunua mwezi baada ya mwezi bila kumuuliza mtu. Nchi ikanenepa, majirani wakaisifu kwamba imependeza. Haikuwa afya. Mafuta yalirundikana usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku miguu na mikono ikikonda, maana fito za misuli zilikuwa zinang'olewa kuwa sukari. Kuta za ngozi zikawa nyembamba, zikapasuka michirizi ya zambarau. Nguzo za mifupa zikadhoofika. Wezi wakaingia usiku, na siafu waliolewa usingizi hawakuwaona.

Kule mbuyuni Bundi alinusa unga mchana na usiku, akanyamaza moja kwa moja. Njiwa wakaacha kuruka. Mawe ya kusagia yakaota kuvu, chumba cha unga kikasinyaa. Hakuna aliyehisi upungufu, kwa sababu gunia la Sungura lilikuwa bado linamimina.

Siku moja Jumbe alijitazama kisimani, akaogopa uso wake. "Kuanzia leo, hata kijiko kimoja marufuku!" Wiki hiyohiyo homa ikabisha hodi. Nchi yenye homa huhitaji unga mwingi kuliko wa siku zote. Bundi, aliyezoea kunyamaza, akakosa sauti. Pimbi wakashika mawe, hayakuzunguka. Sukari ikashuka, mito ikapungua nguvu, wanyama wakatapika na kushika matumbo, Jumbe akazimia. Wazee wakasema amerogwa, wakaanza kumtafuta mchawi. Muda ule wa kumtafuta mchawi ndio unaoua.

Mzee Kobe, mganga, hakungoja. Alimimina mtoni miligramu 100 za unga uitwao haidrokotisoni, kisha maji ya chumvi. Jumbe akafumbua macho.

"Mzee wangu, niliogopa ule uvimbe wa uso."

"Ulikuwa na haki ya kuogopa, Jumbe. Lakini ulipaswa kuniuliza. Unga huu hupunguzwa kidogo kidogo, mpaka Bundi aamke na pimbi warudie kazi yao. Huchukua miezi, na wengine hupita mwaka."

Ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi iliyopatwa na kisa kingine. Huko siafu waliwageukia pimbi wao na kuwatafuna, kama kifua kikuu kilivyowala pimbi wa nchi nyingi, na vyumba vyote vikaangamia, hata cha chumvi. Njiwa wakatumwa kwa maelfu, na njiwa hao hubeba masizi: fizi, makovu na mikunjo ya viganja ikawa myeusi, raia wakakonda huku wakiitamani chumvi. Thomas Addison, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855. Kwa Jumbe Kongoni masizi hayakuonekana, kwa kuwa njiwa wake hawakuruka. Waliopoteza pimbi hunywa unga kila siku maisha yao yote, na homa ikiwapata huongeza dozi kama walivyoelekezwa.

Ndugu msomaji, majabali hayo ni figo zako, na pimbi ni tezi adrenali zilizoketi juu yake. Gunia la Sungura liko madukani: prednisoloni, deksamethasoni, vidonge vya kunenepesha visivyo na jina, hata baadhi ya krimu za mkorogo. Ukiwa umevitumia kwa wiki kadhaa au zaidi, usiviache ghafla kwa uamuzi wako. Nenda hospitali, taja kila ulichomeza au kujipaka, upangiwe namna ya kupunguza. Na mtu wa namna hiyo akianza kutapika, kulegea na kupoteza fahamu, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kabla ya lolote kwamba alikuwa akitumia dawa hizo.