Soma kwa Wakati Wako: Mwongozo kwa Mtu Mzima wa Mbagala Anayetaka Kujua Kompyuta

Tangazo la kozi lilikuwa na maneno manne ya kummaliza mtu: soma kwa wakati wako. Niliyasoma mwanzoni mwa 2024, nimesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala la Mbagala Rangi Tatu, kwapa la abiria mwenzangu likinipumulia puani, na nikaamini kabisa kwamba wakati wangu upo mahali, pengine nimeusahau nyumbani kwenye kabati la vyombo. Mpaka leo nautafuta. Katika kuutafuta nimeokota mambo mawili matatu kuhusu kusomea uandishi wa programu za kompyuta kwa masafa, ukiwa na ajira ya kutunza stoo, mke, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kung'oa jino moja na sasa ana miezi kumi na minne. Nakupa bure.

Anza kwa kuchagua neno la kuwaambia watu. Usiseme unasomea "koding". Mimi nilisema. Mwenye nyumba alisikia "kodi" akanikumbatia. Mama mkwe akawatangazia majirani kwamba mkwe wake anaingia TRA, na kuanzia wiki ile mangi wa dukani kwenye kona akawa ananipa risiti hata nikinunua kiberiti. Ukisema "kompyuta" ndiyo umejimaliza zaidi, kwa sababu huku kwetu Chamazi msomi wa kompyuta na fundi wa kila kinachotumia umeme ni mtu mmoja. Ndani ya mwezi nililetewa king'amuzi kisichoshika, simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuogea, flashi ya kujaza nyimbo za kitchen pati, na kijana aliyetaka nimfungulie akaunti ya mchumba wake bila mchumba kujua. Sema unasomea uhasibu. Hakuna atakayekuletea hesabu zake.

Halafu jiandae kuitwa ngumbaru. Binti yangu wa darasa la sita aliniita hivyo siku ya kwanza aliponiona na daftari, sijui neno hilo kalitoa wapi. Watoto wa siku hizi hawajui adabu lakini historia wanaijua. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima, wazee kwa vijana, wakaingizwa kwenye madarasa ya kisomo ambayo mtaani yakapewa jina hilo la ngumbaru. Bibi yangu alijua kusoma kwa njia hiyo, chini ya mwembe, jioni, mikono bado ina udongo wa shamba. Nilipomweleza mama watoto habari ya bibi, nikifikiri najitetea, nikagundua jambo ambalo tangazo lile halikulisema. Bibi hakusoma kwa wakati wake. Kuna mtu aligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ngo ngo ngo, na rimu ikishalia, babu hakuwa na ubavu wa kuuliza ugali uko wapi. Ile rimu ndiyo iliyomtoa nyumbani. Mimi sina rimu. Mimi nina "wakati wako", ambao kila mtu ndani ya nyumba ana ufunguo wake.

Kuhusu chuo, uchaguzi si haba. Ukipanda gari za Kinondoni utaona Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pale Barabara ya Kawawa, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi 1993 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, enzi ambazo kusoma kwa mbali kulikuwa kusoma kwa mbali kweli, na ukikosa kitabu unalaumu basi la mkoani. Ukitaka vya bure kabisa, yapo masomo ya mtandaoni ya vyuo vya ng'ambo. CS50 ya Harvard unaweza kuitazama ukiwa umejifunika chandarua. Usinieleze kwamba umri umepita. Kama unahitaji kisingizio cha kuchelewa, kipo kizuri cha kitaifa: kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Mtu wa kizazi changu akiulizwa alikuwa wapi siku zote, anaweza kujibu kwamba alikuwa anatii sheria.

Vifaa. Ukifika Kariakoo usiulizie kipakatalishi, wala ngamizi, utaelekezwa kwenye vipuri vya pikipiki. Uliza laptopu, uliza ya mtumba, na ukague kibandiko cha nyuma. Yangu ilikuwa mali ya shule fulani ya msingi huko Ulaya na bado ina herufi moja iliyobanduliwa na mtoto wa watu. Muuzaji aliniapia kwa Mungu kwamba betri inakaa saa nne. Hakudanganya. Nilichomoa waya saa tatu na dakika hamsini usiku, ikakaa mpaka saa nne.

Bando nunua la usiku, kwa kuwa ndilo jepesi kwa mfuko na kwa kuwa mchana hutasoma. Nakwambia hutasoma. Nimejaribu kutazama mhadhara ndani ya daladala kuanzia Kariakoo, na mwalimu alikuwa bado anajitambulisha tulipofika Kwa Aziz Ali, akaanza kueleza maana ya orodha tulipofika Zakhiem, hapo konda akaning'oa spika ya sikio kuniuliza nauli ambayo nilikwisha kulipa. Nimejaribu stooni, nyuma ya mifuko ya simenti. Bosi alipita, akaona kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, akarudi kinyumenyume bila kusema neno. Kwa wiki mbili alikuwa ananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida, mpaka nikaja kuambiwa na mlinzi kwamba anaamini nimeingia kwenye mfumo wa mishahara. Nikamwacha aamini. Jumapili moja tu nilisoma mchana kweupe: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukazorota huku kwetu na kwa majirani zetu. Hakuna aliyenitafuta. Nilimaliza sura nzima ya kitabu cha karatasi.

Sasa nifike kwenye saa, maana hapa ndipo watu wazima wengi tunapozikwa. Mtandao wa chuo unasema jaribio litafunguliwa 10:00 na kufungwa 11:00. Wewe uliyelelewa na Kiswahili unasoma nini hapo? Saa kumi. Niliomba ruhusa kazini, nikanunua bando, nikatafuta kona yenye mtandao, na saa kumi kamili jioni nikabonyeza. Jaribio limefungwa tangu saa tano asubuhi. Kuna upande wa neema pia: zipo kozi za nje zinazoweka mwisho wa kukusanya kazi 23:59 kwa saa za kimataifa, nasi tuko mbele ya saa hizo kwa saa tatu, hivyo kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja usiku. Hizo ndizo saa tatu pekee utakazopewa bure katika masomo haya. Zitumie kulala.

Hasira za jaribio lile ndizo zilizonifanya niandike programu yangu ya kwanza ambayo haikuwa lile zoezi la wanaoanza, la kusalimia dunia. Nilitaka kitu kimoja: nikiipa saa ya kompyuta, inipe saa yetu. Lugha niliyotumia ni Python, na ukitaka kukata tamaa soma ilivyozaliwa. Guido van Rossum aliianza Krismasi ya 1989 kwa sababu ofisi ilikuwa imefungwa na alitaka cha kumshughulisha wiki ile. Yaani mtu alikaa akakosa la kufanya! Toleo la kwanza akalitoa 1991. Mimi Krismasi ile ya kwanza ya masomo nilichinja kuku watano na kubeba viti vya kukodi.

Programu yenyewe ni mstari mmoja ulio na maana:

saa_yetu = (saa - 6) % 12

Ile alama ya asilimia si asilimia, ni baki: gawanya kwa 12, tupa jibu, chukua kinachobaki. Saa 7 ya kompyuta, toa 6, inabaki 1. Saa moja asubuhi. Saa 22, toa 6 ni 16, baki ni 4; saa nne usiku. Nilipiga meza. Mtoto wa mwisho naye akapiga meza, akagusa kitufe cha nafasi mara tatu mwanzoni mwa mstari, na Python, ambayo ni kali kuhusu nafasi kuliko mwalimu wa hati nadhifu, ikakataa kufanya kazi kwa dakika arobaini nzima huku nikitafuta kosa kwenye hesabu.

Nikaionyesha kwanza kwa mama mkwe, kwa nia mbaya kidogo, maana ndiye aliyekuwa akisema naongea na jini. Na hapo simlaumu. Ukikutana na mkweo saa nane usiku, kajifunga shuka, anakiomba radhi kioo, wewe ungesemaje? "Baba, huyo unayembembeleza ni nani?" aliwahi kuniuliza akiwa ameshika kikombe cha maji, na nikashindwa kumjibu. Basi jioni ile alikuwa barazani anasubiri adhana ya magharibi. Ilikuwa saa kumi na mbili juu ya alama. Nikabonyeza, nikamgeuzia kioo.

Saa sasa ni 0.

"Saa sifuri," alisema taratibu. "Hata Kiama kina saa yake."

Kumi na nane toa sita ni kumi na mbili, na kumi na mbili kugawanya kwa kumi na mbili hakubaki kitu. Usiku ule sikulala. Mwenzangu wa kozi anayekaa Mwananyamala aliiandika hesabu ileile kwa lugha nyingine, Java, akaniandikia saa tisa usiku kwamba kompyuta yake inamwambia ni saa −3. Tulidhani ana kirusi. Kumbe Python ikigawa namba hasi kwa 12 hukurudishia baki chanya, 9, wakati Java huiacha hasi kama ilivyoikuta. Sisi wawili, baba wa familia kila mmoja, tulikuwa macho saa tisa ya usiku tukibishana juu ya saa ambayo mashine zetu zilikataa kukubaliana kama ipo, na bando la usiku linayoyoma. Kama kuna mtu atakuuliza wakati wako ni upi, ndio huo. Uko kati ya sifuri na hasi tatu.

Dawa niliipata usiku wa tatu: toa 7 badala ya 6, chukua baki, kisha ongeza 1. Kumi na nane toa saba ni kumi na moja, ongeza moja, kumi na mbili. Mwalimu wa chuo akanipa alama nzuri na kuandika maoni mafupi: saa nne ni ya asubuhi au ya usiku? Ongeza vipindi vya siku.

Nikadhani ni kazi ya robo saa. Nikaandika jioni inaanza saa 16 ya kompyuta, yaani saa kumi. Mama watoto aliyekuwa akikunja nguo nyuma yangu akasema sawasawa, jioni ni saa kumi. Mama mkwe akasema saa kumi ni alasiri na atakayeiita jioni hajawahi kufuga. Jioni ni kuku wakianza kurudi bandani. Binti akasema jioni ni baada ya tuisheni. Nikauliza na kazini: dereva wa lori akasema jioni ni foleni ikianza kwenye Barabara ya Nyerere, na mlinzi, ambaye zamu yake huanza saa kumi na mbili, akakataa kwamba jioni ipo, kuna mchana na kuna kazi. Nimefuta na kuandika upya sehemu ile mara tisa. Mchana nao umeleta maneno. Saa sita ni mchana kwa wote, alhamdulillahi, lakini saa tano bado ni asubuhi kwa aliyeamka saa tatu.

Usiku wa jana nilibakiza alfajiri tu. Saa saba na nusu, nyumba imelala, mbu wako kazini. Mlango wa chumba cha watoto ukalia na mama mkwe akatoka na khanga yake, lakini safari hii hakupitiliza kwenye maji. Alivuta kigoda, akakaa, akatazama kioo kwa makini kama anayesoma jina lake kwenye mwaliko.

"Umefika wapi?"

"Alfajiri, mama. Nimeandika saa kumi hadi saa kumi na mbili."

"Futa. Andika: alfajiri ni jogoo la pili."

"Mama, kompyuta haina jogoo."

Aliwaza kidogo.

"Basi bado haijakamilika, baba. Endelea."