Siku 132 zifutwe: barua ya wazi kwa Shirika la Kimataifa la Viwango

Kwa: Katibu Mkuu, Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO), Geneva, Uswisi
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam
Kutoka: Mbwara, Rufiji, mkoa wa Pwani

YAH: OMBI LA KUFUTA SIKU 132 KATIKA KALENDA

Tafadhali Shirika lihusike na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza ni pongezi. Mwaka 1988 Shirika lilitoa kiwango kiitwacho ISO 8601, likaagiza tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, ufuate mwezi, siku ije mwisho, na vistari katikati. Kwa utaratibu huo Tanganyika ilipata uhuru 1961-12-09, na hakuna pa kubishana. Waraka wenyewe unauzwa kwa faranga za Uswisi. Anayetaka kujua namna ya kuandika tarehe ya leo sharti achangie kidogo. Mbwara haina kinyongo na bei. Ila ingependa kuuliza, kwa heshima zote, imekuwaje hata wakazi wa Geneva, majirani wa ofisi, bado wanaanza na siku, wanaweka nukta, ndipo wanataja mwezi.

Mkanganyiko huu wa tarehe umeshafika dukani. Kopo la maziwa ya unga likigeuzwa chini juu lina vidoti vyeusi vya wino, nusu vimefutika kwa kusuguana na wenzake ndani ya katoni: 05/08/26. Mwenye duka anasoma alivyofundishwa shule ya msingi, tarehe tano mwezi wa nane. Kama kopo limetoka kwa watu wanaotanguliza mwezi, muda wake unaisha tarehe nane mwezi wa tano, karibu miezi mitatu mapema zaidi. Na akipita mjuzi anayekumbuka matoleo ya kwanza ya kiwango cha Geneva, yale yaliyoruhusu mwaka wa tarakimu mbili, atatangaza kwamba maziwa hayo yameharibika tangu Agosti 26, 2005. Mteja ana swali moja tu: yanafaa au hayafai? Mwenye duka analisogeza kopo sikioni, analitikisa, anasikiliza kama unga umeganda. Sikio la mwenye duka halijasajiliwa popote, lakini ndilo linalofanya kazi ya Shirika mpaka sasa.

Chanzo kinajulikana. Wamarekani huandika kama wanavyosema, mwezi kwanza, tarehe baadaye. Hilo si kosa. Kila mtu na kwao. Ajabu ni kwamba sikukuu yao ya uhuru wameiacha nje ya utaratibu na kuiita ya Nne ya Julai, tarehe mbele, utadhani wamesomea Ikwiriri, hapahapa Rufiji. Kwa tarakimu wanaiandika 7/4. Mtanzania akiona 7/4 anakumbuka tarehe saba mwezi wa nne, siku aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, mwaka 1972. Tarakimu ni zilezile mbili: huku watu wanasoma dua, kule wanarusha fataki.

Rufiji yenyewe ina ushahidi wa zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta, Waingereza wakaisaka hadi wakaipiga mizinga, na mabaharia wake wakaizamisha kwa mikono yao 11/7/1915. Mjerumani alitenganisha tarakimu kwa nukta, Mwingereza kwa mkwaju, wote wakaanza na siku. Watu waliouana kwa ajili ya mto usio wa yeyote kati yao hawakugombana juu ya mwezi wa saba. Leo mtalii kutoka Marekani akizisoma tarakimu hizo kwa mtindo wa kwao, ataiongezea meli ile karibu miezi minne ya uhai.

Wala watu wa huku hawajakosa kalenda. Wanazo za kutosha. Mvuvi wa delta anafuata bamvua na maji mafu, Maulidi huja Mfunguo Sita, na deni la mpunga hulipwa baada ya mavuno. Kwa wazee, usiku wa Ijumaa ni ule ambao serikali inauita Alhamisi usiku, kwa kuwa siku yao inaanza jua likizama. Kalenda zote hizo zinaishi nyumba moja bila ugomvi, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuziandika kwa mikwaju miwili.

Serikali nayo imetii Geneva kimyakimya. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), yenye tarakimu 20, huanza na mwaka wa kuzaliwa, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa Juni 3, 1990 ana 19900603 mfukoni. Benki inamtaka aandike 03/06/1990. Fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani inamdai mwezi kwanza. Mama yake alimzaa mara moja.

Ndipo linapokuja ombi. Siku 12 za mwanzo wa kila mwezi ndizo zinazosomeka kwa namna mbili, na jumla yake kwa mwaka ni 144. Ukitoa zile 12 ambazo siku na mwezi vina namba moja, zinabaki 132. Zote zifutwe. Tanzania iliona mbali ilipojiwekea Sabasaba na Nanenane, ambazo hata Washington hawawezi kuzikosea. Muungano, 26/4, ni salama, maana hakuna mwezi wa ishirini na sita. Siku ya Nyerere, 14/10, salama. Uhuru na Mapinduzi, 9/12 na 12/1, itabidi zisogezwe mbele kidogo, na wanahistoria walipwe posho ya usumbufu. Wapangaji watafurahi kuliko wote: kwa kuwa tarehe mosi pekee itakayosalimika ni ya Januari, kodi ya nyumba itadaiwa mara moja kwa mwaka.

Shirika likiona ombi hilo ni zito, lipo jepesi. Kila anayetengeneza kopo, chupa au kidonge aandike mwezi kwa herufi: MEI, AGO, DES. Wino utakaoongezeka ni wa herufi moja. TBS ni mwanachama wa Shirika na inaweza kulifikisha mezani hata kesho, kama kesho haimo katika zile 132.

Majibu yanasubiriwa tarehe 10/11. Yakifika mwezi mmoja kabla, Mbwara itajua barua ilisomwa na nani.