Barua ya wazi kwa wanaoniita mtoro

Goma, Kivu ya Kaskazini

Kwa Waheshimiwa Wabunifu wa Mchezo, kupitia Idara ya Nidhamu ya Wachezaji, huko Ulaya

Kuhusu: adhabu yangu ya 41

Waheshimiwa wakubwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Natumaini mu wazima, watoto hawajambo, na umeme upo. Hilo la mwisho sisi hapa huliuliza mara tu baada ya afya; kama kwenu ni ushamba, mniwie radhi.

Jina la mchezo wenu silitaji. Ninyi mnajijua, na vijana wa Katindo na Himbi wanaoamka na macho mekundu wanaujua kuliko majina ya shangazi zao. Mimi ni yule mganga wa daraja la 58, mwenye kanzu ya kijani na fimbo ya mfupa, ambaye kila Jumamosi huingia na wenzake saba katika ngome yenu kulikabili joka la vichwa vitatu. Na kila Jumamosi, joka likiwa limebakiza damu ya kujaza kijiko, mganga huganda. Husimama kama mti, mikono juu, dawa haitoki. Halafu hayupo. Wenzake wanaungua mmoja mmoja, wakimtukana kwa Kipolandi na Kireno. Umeme ukirudi, baada ya saa moja au saa tisa, nafungua mashine na kukuta maandishi yenu mekundu: umetambuliwa kuwa mtoro, umezuiwa dakika 30, tafadhali heshimu muda wa wenzako.

Nawashukuru kwa hiyo "tafadhali".

Nakiri jambo moja mapema ili msinione mkorofi. Watoro wapo. Kuna mtu huingia vitani, akiona upanga aliokuwa akiuwinda umempata mwingine, huchomoka bila kwaheri. Huyo mfungeni hata mwezi mzima, nitawapigia makofi. Najua pia jibu mlilonalo mfukoni: mashine haiwezi kumtofautisha aliyekatiwa umeme na aliyechomoa waya ili aonekane amekatiwa. Sawa. Lakini sisi watu wa Goma katika chama chetu tuko sita, tunakaa mitaa miwili inayopakana, na Jumamosi iliyopita tulipotea wote sita katika sekunde moja. Mashine yenu, ambayo inakumbuka nimevunja mitungi mingapi tangu nianze kucheza, ililitazama jambo hilo kwa makini ikatoa hukumu: watu sita wamekula njama. Tukafungiwa kwa pamoja.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi kama kawaida, nilikuwa ngomeni. Giza lilikuwa likiingia. Mbingu upande wa volkano ya Nyiragongo ikawa nyekundu, na kwa dakika nzima nilidhani ni mwanga wa kioo changu unaoakisi dirishani, maana joka nalo lilikuwa linatema. Mama ndiye aliyeingia chumbani na kusema neno moja. Sikubonyeza kitufe cha kuaga. Nilibeba godoro, wapwa wawili na sufuria, tukafuata nusu ya mji kuelekea Sake. Nusu nyingine ilivuka mpaka kwenda Gisenyi. Lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa Goma. Tukarudi. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama tena, tukahama tena. Nilipokuja kufungua mashine nikakuta kwamba, kwa kuwa kosa langu ni la kurudia, adhabu imepandishwa hadi saa 24.

Niliikimbia volkano, waheshimiwa. Safari ile neno lenu lilikuwa sahihi, nilitoroka, na nikipewa nafasi nitatoroka tena.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Nyaya zilikatika, maji yakakatika, watu wakawa wanachota ziwani huku risasi zinalia. Habari hiyo wanaoisoma barua hii wanaijua kuliko mimi, sitaisimulia. Nataja tu kwamba nilipofanikiwa kurudi mchezoni, baada ya wiki nyingi, mlinipokea kwa vitu viwili kwa mpigo: onyo la utoro, na zawadi ya "tulikukumbuka", ambayo ilikuwa kofia ya masikio ya sungura. Niliivaa. Nilikaa mbele ya kioo nikiwa nimevaa masikio ya sungura ndani ya ulimwengu wenu, nikawaza watu niliowajua ambao hakuna aliyewatumia kofia.

Turudi kwenye mazungumzo ya adabu.

Msiniambie sheria ya mchezo haigeuki. Wenzenu waliotengeneza World of Warcraft, kabla haujatoka Novemba 2004, waliweka kanuni ya kumpunguzia pointi mchezaji aliyecheza mno bila kupumzika. Waliokuwa wakiujaribu wakanung'unika. Wakubwa wakafanya nini? Hesabu waliiacha karibu vilevile, wakageuza majina: kile kiwango kikubwa wakakiita ziada ya aliyepumzika, kile kilichopunguzwa wakakiita cha kawaida. Manung'uniko yakaisha. Huo ndio ufundi, na nausema bila kejeli. EVE Online, wa watu wa Iceland, tangu 2003 humwacha rubani aendelee kujifunza ufundi hata mwenye mashine akiwa amelala, au amekatiwa umeme. Na babu wa ukoo wote huu, MUD, ulioanzishwa 1978 na Roy Trubshaw, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle, katika Chuo Kikuu cha Essex, ulikuwa maandishi matupu. Ungepita hata kwenye mtandao wetu wa saa mbili usiku, ule unaoshindwa kupitisha picha ya bibi harusi. Wazee hao walitengeneza dunia nzima kwa nyaya mbovu kuliko zangu. Ninyi mna nyaya nzuri, mkatengeneza polisi.

Basi jina linageuzika. Hapa kwetu mtoro ni askari aliyetupa bunduki kwenye migomba, ni baba aliyekwenda kununua sigara mwaka 2012. Si neno la kumwandikia mtu kwa herufi nyekundu kila Jumamosi. Niiteni "aliyepumzishwa". Niiteni "anayesubiri". Mkikosa jina, acheni nafasi tupu, nitaijaza mwenyewe.

Lakini natambua kwamba kumbadilishia jina mchezaji mmoja wa Goma ni kazi kubwa, yenye vikao. Kwa hiyo naleta ombi jingine, dogo, ambalo nimelifikiria gizani kwa miezi mingi.

Naomba joka lifungiwe mita ya kashpawa.

Siombi lidhoofishwe. Libaki na vichwa vitatu, libaki na mabawa na ule muziki wake wa tarumbeta. Ila ukutani, kando ya kiti chake cha mafuvu, kiwekwe kisanduku kidogo cha kijivu chenye taa, na moto wake uwe wa kulipiwa kwanza, kama umeme wetu. Kila likitema, namba zishuke. Zikikaribia kwisha, kisanduku kianze kulia: ti, ti, ti. Kilie usiku kucha. Joka ligeuke upande huu, ligeuke upande ule, lifunike vichwa viwili kwa bawa, na kile cha tatu kibaki kinasikia.

Asubuhi limtume mtoto wake wa mwisho na noti za franga kibandani. Mtoto aambiwe hakuna mtandao, arudi baadaye. Arudi baadaye, akute mwenye kibanda amekwenda msibani. Jioni apate karatasi yenye tarakimu 20, aikunje, ailoweshe kwa mvua. Joka lianze kubonyeza kwa ukucha, polepole, kichwa kimoja kikisoma, cha pili kikibonyeza, cha tatu kikisema "ulirudia nane". Likosee tarakimu ya 17. Lianze upya. Likosee tena, na safari hii vichwa vigombane kuhusu nani ana macho mabovu. Likipatia, namba zipande, taa iwe ya kijani, joka livute pumzi kubwa kutoka tumboni mbele ya wapiganaji wanane wanaotetemeka.

Na hapo umeme uondoke ngome nzima.

Giza. Muziki wa tarumbeta ukatike katikati. Joka litoke nje likipapasa ukuta, limwite jirani yake, lile zimwi la mtoni: "Jirani! Kwako upo?" Zimwi lijibu, "Hata kwangu hakuna." Naomba hapa mchoraji wenu hodari aoneshe ile faraja inayopita usoni mwa joka, nyuso zote tatu, kwa kujua kwamba si lake peke yake. Sisi tunaijua. Ni furaha mbaya, lakini ni furaha.

Likae kizingitini, lisimulie habari za zamani. Wapiganaji nao wakae. Mmoja atatoa karanga. Saa nane usiku, wote wakiwa wamesinzia, umeme urudi ghafla, watoto wa ngome wapige kelele, na joka, badala ya kuua mtu, likurupuke kupiga pasi. Mashati ya wiki nzima. Lipige pasi, lichaji simu tatu, lipashe maharage, kwa haraka ya mtu asiyejua kama amepewa saa mbili au dakika mbili.

Likimaliza, likirejea vitani, likute maandishi mekundu: umetambuliwa kuwa mtoro. Dakika 30. Liandike rufaa. Lijibiwe ndani ya sekunde nne na barua ndefu ya upendo yenye saini ya binadamu, inayoliambia lihakikishe waya umechomekwa vizuri.

Hilo ndilo ombi langu kubwa. Mengine ni ya kupita tu.

Kati ya wanyama 200 wa kupanda mlionao, wengine wakiwa samaki wanaoruka, wekeni chukudu. Ni gari letu la mti, magurudumu mawili, magunia matatu ya viazi. Kwenye mteremko halina mshindani.

Lava yenu iruhusuni ipoe. Katika mchezo inachemka miaka na miaka mahali palepale, na anayeikanyaga hunywa dawa akaendelea na safari. Iliyoshuka Januari 2002 ilipita katikati ya mji wetu hadi ziwani. Ilipopoa tulijenga nyumba juu yake, na kuta tukazijenga kwa mawe yake, kisha tukaanza kugombania mpaka wa kiwanja kilichozikwa ulikuwa wapi. Ugomvi huo ungewapa visa vya kuchezwa miaka kumi.

Fomu yenu ya malipo inadai namba ya posta, nami sijawahi kufikiwa na barua yoyote kwa namba ya namna hiyo. Pia tangu benki zifungwe mjini Januari 2025, analipia binamu yangu aliyeko Kampala, nanyi kila mwezi mnaniuliza kama mimi ni mwizi wa kadi. Mimi si mwizi. Ni mtoro, mlishasema.

Na ule mwamba wa madini. Naupiga sururu mara tatu, unanipa jiwe linalong'aa, nahesabu hadi 30, mwamba umejaa tena kana kwamba hakuna kilichotoka. Usiku wa kwanza nilicheka hadi mama akagonga ukuta. Rubaya, kule Masisi, Umoja wa Mataifa hukadiria panatoka takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kule mwamba haujai tena. Kinachojaa ni shimo, udongo ukishuka watu wakiwa ndani. Bei ya koltani, jiwe lenye tantali hiyo, ilipopaa mwaka 2000, PlayStation 2 ikiwa ndiyo kwanza imetoka, wageni baadaye waliiita vita yetu vita ya PlayStation. Nilikuwa na miaka minne, sikuulizwa kama nataka kucheza. Mnajua tantali hufanya kazi gani? Hutengenezewa kapasita, vile vidude vidogo vinavyouweka umeme usitetereke ndani ya mashine. Jiwe linatoka makumi ya kilomita tu kutoka kitandani kwangu, linakwenda kuutuliza umeme wenu, halafu mashine iliyotulizwa inaniandikia mimi kwamba siheshimu muda wa watu. Muda wa nani?

Nimepandisha sauti. Nisameheni, ni usingizi.

Nitaendelea kulipa, mnajua. Mganga wangu nimemlea miaka saba, na wenzangu wa mbali, wakishamaliza kutukana, huniuliza kama nimekula. Jumamosi ijayo nitakuwa ngomeni. Kuhusu joka, anzeni hata na kisanduku kimoja kwa majaribio.

Naandika saa nane na robo usiku, umeme umerudi, pasi iko motoni. Adhabu yangu ya sasa imebakiza dakika 11.

Wenu mtiifu,
Mganga wa daraja la 58